Nafasi Kwenye Jiwe la Meenacarra

Greenock, 3 Februari 1958

Kwa Bi. Marjory Haldane,
Mtafiti wa Nasaba, Edinburgh

Bi. Haldane,

Anwani yako nimepewa na mwenzangu wa kanisani ambaye ulimtafutia ukoo wa mumewe. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mitano. Nataka kukuajiri unitafutie watu wa baba yangu.

Baba alikuwa Mwairishi, jina lake Hugh Gallagher. Alipakua meli bandarini hapa Greenock, akafa mwaka 1909 kamba ya winchi ilipokatika na mzigo ukamwangukia. Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa Mskoti na Mprotestanti, na ndugu zake hawakumsamehe kwa kuolewa na Mkatoliki aliyekuja nchini kuchimba viazi vya watu. Siku ya mazishi walikuja na mkokoteni wakatuhamisha. Jina la Gallagher likaachwa mtaani pamoja na kiti kibovu. Nikawa Agnes Rennie. Baba aliniita Una, lakini nyumbani kwa babu mtoto aliyetamka Una alikula mkate bila siagi.

Alizikwa kaburi la manispaa, pamoja na watu asiowajua, bila jiwe. Mwaka jana nilikwenda na maua nikakuta sehemu ile imesawazishwa na kupandwa nyasi. Nilisimama pale nisijue niyaweke wapi, nikarudi nayo nyumbani kwenye basi.

Sitafuti urithi wala cheo. Nasikia watu wa kwao huchonga kwenye jiwe la wazazi jina la mtoto aliyefia ugenini. Nataka jina la baba lichongwe mahali pamoja duniani kabla sijafa. Ninalojua ni kwamba alitoka Donegal, Ireland. Zaidi ya hapo sijui kitu.

Wako,
Agnes Tennant


Edinburgh, 10 Februari 1958

Bibi Tennant,

Kazi nimeipokea. Nianze na la kutia moyo. Cheti cha kifo cha hapa Scotland huandika majina ya wazazi wote wawili wa marehemu, na ukoo wa mama kabla hajaolewa. Nimekitazama cha baba yako. Baba: Owen Gallagher, mkulima. Mama: Bridget Boyle. Aliyetoa taarifa ni mjane, yaani mama yako. Kwa hiyo baba aliwahi kumtajia mkewe wazazi wake, na mkewe aliyashika majina hayo hata siku ile.

La kuvunja moyo ni kwamba Gallagher huko Donegal ni wengi kama matone ya mvua, na Boyle hawako nyuma. Nitawaandikia mapadri wa parokia na kupitia vitabu vya ubatizo.

Naomba jambo moja. Usimwandikie mtu yeyote huko kabla sijakuambia. Watu waliomsubiri mtu miaka mingi huamini haraka.

M. Haldane


Edinburgh, 28 Aprili 1958

Bibi Tennant,

Tumefika. Katika parokia ya Kilcrossan yuko Hugh, aliyebatizwa 1878, mwana wa Owen Gallagher na Bridget Boyle wa kitongoji cha Meenacarra. Umri unalingana na wa cheti. Padri McGinley anathibitisha kwamba kijana huyo alikwenda Scotland kuchimba viazi na hakurudi wala kuandika.

Dada yake mmoja yuko hai, katika nyumba ileile. Anaitwa Grania, hakuolewa, ana miaka sabini na mitano. Padri anasema miguu yake imechoka lakini ulimi bado unafanya kazi za wawili.

Sasa waweza kuandika. Nimefurahi kwa ajili yako, jambo ambalo si kawaida yangu kulitia katika taarifa.

M. Haldane


Greenock, 3 Mei 1958

Kwa Bibi Grania Gallagher, Meenacarra

Bibi Mpendwa,

Padri McGinley atakuwa amekuambia kwamba kuna barua inakuja. Naitwa Una. Baba yangu ni Hugh Gallagher, aliyezaliwa 1878, mwana wa Owen na Bridget. Alimwoa mama yangu hapa Greenock mwaka 1902, nikazaliwa mwaka uliofuata, akafa 1909 kazini. Samahani kwa kukuletea msiba na ujamaa katika bahasha moja. Sijui jinsi nyingine.

Ikiwa hutaki kunijibu nitaelewa.

Una Tennant


Meenacarra, 12 Mei 1958

Mwanangu Una,

Mtu wa posta alileta barua yako akaketi kwenye benchi langu akisubiri niifungue. Nikamwambia kama ana kiu ya habari kisima kiko kule chini. Alipoondoka ndipo niliifungua.

Sasa sikiliza. Hughie wetu aliondoka hapa majira ya joto ya 1898. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Alisema atarudi kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote mwezi Novemba na ataniletea kitambaa cha kichwa chenye maua, maana nilikuwa nalia na alitaka ninyamaze. Hakuandika hata mstari. Mama alikataa katakata aombewe pamoja na marehemu. Baba alipokufa na jiwe likawekwa, mama alimwambia fundi, "Acha nafasi hapo kati, mwanangu yuko njiani." Mama mwenyewe alikufa 1921, jina lake likaingia juu ya nafasi hiyo, na nafasi iko mpaka leo, unaweza kuandalia chai juu yake.

Umenipa tarehe nyingi. Tarehe Padri ameshanisomea, akanisomea tena kana kwamba mimi kiziwi. Lakini hapa kwetu ukisimama mlangoni mwa kanisa ukaita "Hugh Gallagher", watageuka nusu ya wanaume na mbuzi mmoja. Kwa hiyo hatuitani hivyo. Mtu huitwa kwa jina lake, kisha la aliyemzaa, kisha la aliyemzaa huyo. Nataka uniambie jambo dogo tu. Baba yako nyumbani alijiitaje? Hata kama unakumbuka kipande, nipe hicho kipande.

Nimeanza kupaka chokaa chumba cha chini, maana utakuja, sitaki hadithi. Aliteseka? Hukuandika kama aliteseka.

Shangazi yako,
Grania


Greenock, 19 Mei 1958

Shangazi Grania,

Niliposoma "mwanangu" niliweka barua mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Hakuteseka. Walisema ilikuwa mara moja.

Ulilouliza nalikumbuka vizuri, ndilo karibu jambo pekee ninalolikumbuka. Jumapili alinisimamisha juu ya meza na kuniuliza, "Wewe nani?" Nami nilitakiwa kujibu kwa pumzi moja, "Una Hughie Owen Nora." Nikikwama tunaanza upya. Nikipatia napewa donge la sukari. Mama alikuwa akisema, "Mshushe mtoto, ataanguka," naye anasema, "Haanguki huyu, anajua anakosimama." Nora ni nani? Niliwahi kufikiri aliongeza jina hilo ili maneno yaimbike.

Shangazi, nina ombi nililoogopa kulitia katika barua ya kwanza. Ile nafasi kwenye jiwe. Inawezekana jina lake lichongwe hapo? Gharama ni zangu. Kaburi lake la hapa halipo tena. Kama haiwezekani uniambie tu, nitakuja hata hivyo kukuona.

Mwanao,
Una


Meenacarra, 23 Juni 1958

Una,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa sijisikii vizuri. Si kitu, ni mambo ya uzee.

Nora alikuwa mwanamke hodari. Nitakuonyesha alikoishi.

Njoo. Nimezungumza na Condy, fundi wa mawe. Nafasi ile imekaa wazi vya kutosha, ataichonga ukiwepo. Lete viatu vya matope.

Grania


Greenock, 21 Julai 1958

Bi. Haldane,

Nimerudi jana na nataka ujue kazi yako ilivyoishia.

Nilipanda meli ya usiku mpaka Derry, kisha mabasi mawili, kisha nikatembea. Alikuwa amesimama nje. Ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma saa bila miwani, halafu akasema, "Una njaa." Kila jioni majirani walikuja kuniona. Wao humwita Grania Owen Ban, yaani wa Owen Mweupe, kwa sababu baba yake alikuwa na nywele nyeupe tangu utotoni. Mzee mmoja aliniuliza, "Na wewe ni wa nani?" Kabla sijafungua kinywa Grania akasema, "Ni wa kwangu. Kunywa chai yako, Manus, inapoa."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Siku ya tatu Condy alichonga. Ni mtu mwenye maneno. Alimwuliza Grania, "Una hakika, Grania? Jiwe halina kifutio." Grania akamwambia, "Wewe ulimchonga mjomba wako na umri usio wake, akazeeka miaka kumi kaburini. Chonga." Akachonga: NA MWANA WAO HUGH, ALIYEFIA SCOTLAND 1909. Niliweka kidole kwenye herufi vumbi likiwa bado lina joto. Bi. Haldane, sina namna ya kukueleza. Nilimwambia baba, "Upo hapa sasa."

Kuna jambo ambalo sikulielewa. Siku ya mwisho Grania alinichukua mpaka nyumba iliyobomoka, mbali kidogo kupanda mlima, haina paa, miti imeota ndani. Akanishika bega akanisimamisha mahali palipokuwa jiko. "Simama hapo kidogo," akasema. Nikauliza ni ya nani. Akasema, "Ya Nora." Nikauliza Nora alikuwa nani wetu. Akasema, "Simama tu, mwanangu, usiniulize." Alikuwa akilia, naye si mtu wa kulia. Nimemwandikia kumshukuru.

Nakushukuru na wewe. Ile Jumapili juu ya meza, "Una Hughie Owen Nora", sasa ina mahali pake.

Una Tennant


Edinburgh, 18 Agosti 1958

Kwa Bibi Grania Gallagher, Meenacarra

Bibi,

Hatujuani. Mimi ndiye niliyeajiriwa na Bibi Tennant. Nakuandikia kabla sijamwandikia yeye, kinyume cha utaratibu wangu.

Katika barua yake ametaja mambo mawili ambayo hakuwahi kunitajia wala mimi sikumwuliza. Baba yake alijiita wa Owen Nora. Wewe unaitwa wa Owen Ban. Nilirudi kwenye vitabu nikaendelea pale nilipokuwa nimeachia. Kurasa tatu mbele, mwaka uleule, kuna Hugh mwingine, mwana wa Owen Gallagher mwingine na Bridget Boyle mwingine, kitongoji kilekile. Nilipopata wazazi waliolingana niliacha kutafuta. Huko kwenu kulingana si ushahidi, na mtu wa kazi yangu alipaswa kulijua hilo.

Nimemtuma mwanamke kwa watu wasio wake, na jina la baba yake limechongwa kwenye jiwe la wazazi wa mtu mwingine. Ni wajibu wangu kumwambia. Lakini kwanza nakuomba radhi wewe.

M. Haldane


Meenacarra, 27 Agosti 1958

Bi. Haldane wa Edinburgh,

Radhi yako nimeipata. Nilijua kabla yako, tena bila vitabu.

Nora aliachwa mjane na mtoto mchanga, Owen. Kwetu mtoto aliyelelewa na mama peke yake huitwa kwa jina la mama, na wanawe vivyo hivyo. Si aibu, ni kumheshimu aliyebeba mzigo. Sisi tulikuwa wa Owen Ban. Owen wawili wakaoa Bridget wawili, mtu na binamu yake, wakazaa Hughie wawili. Padri wa wakati huo aliwabatiza bila kukuna kichwa. Wakakua pamoja, na walikwenda Scotland pamoja. Niliwaona wakishuka njia, mfuko mmoja kati yao, kila mmoja ameshika upande.

Watu wa nyumba ya Nora waliisha kwa homa. Wamezikwa bila jiwe, na hakubaki wa kuwachongea.

Una alipoandika mara ya kwanza nikawa na kaka. Nilijua amefia wapi na nani alimlilia. Niliutazama ukuta nikipaka chokaa na nikasema, alioa, huyo, alioa na hakutuambia. Nilimkasirikia, na ilikuwa raha kumkasirikia. Halafu barua ya pili ikaja na maneno ya mezani, na kaka yangu akatoka tena kwa mlango uleule. Nililala kitandani siku nyingi. Kisha nikaamka nikafikiri: yeye ana baba asiye na jiwe, na jiwe langu limekaa miaka na miaka halina mtu. Wewe ungefanya nini?

Kwa hiyo usimwambie. Nikifa, mwambie, atakuwa ameshazoea. Condy anajua, na Manus anajua, na wote watanyamaza kwa sababu nimewaambia wanyamaze.

Na kwa kuwa kazi yako ni kutafuta, nitafutie wangu. Nina ndama wa kuuza.

Grania Owen Ban


Edinburgh, 1 Septemba 1958

Bibi Grania,

Ndama abaki zizini. Nitatafuta. Na nitanyamaza, ingawa sijawahi kumnyamazia mteja, na sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

M. Haldane


Edinburgh, 8 Desemba 1958

Bibi Grania,

Nimempata. Nilifikiri kwa siku kadhaa kama nikupe tarehe peke yake. Lakini kosa langu la kwanza lilikuwa kuishia njiani, na silirudii.

Hugh Gallagher, mchimba viazi, mwana wa Owen Gallagher na Bridget Boyle, alikufa kwa homa ya matumbo katika zizi walimolala wachimbaji, kwenye shamba moja huko Ayrshire, Oktoba 1898. Alikuwa na miaka ishirini. Hakuwahi kuoa wala kuwa mbali nanyi muda wowote wa maana. Mlipokuwa mkimsubiri Watakatifu Wote wa mwaka ule, alikuwa ameshazikwa.

Kila kifo hapa lazima mtu akitolee taarifa na kutia sahihi. Aliyekitolea hiki ameandika: Hugh Gallagher, rafiki, alikuwepo. Nimeilinganisha sahihi hiyo na ile ya kitabu cha ndoa ya mwaka 1902 huko Greenock. Ni mkono mmoja. Ni baba yake Una.

Natamani ningekuwa na jambo jingine la kukuandikia.

Marjory Haldane


Meenacarra, 14 Januari 1959

Una,

Usiniite tena shangazi. Mimi si shangazi yako. Nilijua tangu Juni na nilinyamaza kwa mapenzi yangu, kwa hiyo usimlaumu Bi. Haldane peke yake. Wewe ni wa nyumba ile uliyosimama ndani yake, ya Nora. Baba yako alikuwa Hughie mwingine, jirani yetu, aliyekula mezani kwetu kama mtoto wa nyumba. Nilimpa nafasi ya kaka yangu kwa sababu nilimwonea huruma, na wewe nilikupenda.

Naweka ndani nakala ya cheti cha kifo cha kaka yangu, aliyoipata Bi. Haldane. Soma mstari wa mwisho.

Baba yako alijua. Alijua kuanzia siku ya kwanza. Mama yangu aliishi miaka ishirini na mitatu akitazama ile njia. Alikuwa akikatisha maneno katikati mbwa akibweka. Mtu aliyeweza kuandika jina lake pale karani alipomwonyesha angeweza kuandika na mstari mmoja wa barua.

Condy ameniuliza kama alifute jina. Nimemwambia asubiri nitulie. Bado sijatulia.

Grania Owen Ban


Greenock, 25 Januari 1959

Bibi Grania,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila mara mkono unaandika neno lile uliloniambia nisiliandike.

Mwambie Condy afute. Sikuja kukunyang'anya kitu, lakini nimekunyang'anya. Mawe yenu ni yenu.

Sina utetezi wa kumpa baba. Maisha yangu yote niliamini ndugu wa mama ndio waliomnyamazisha. Kumbe alikuja kwa mama amekwisha nyamaza. Nimekumbuka jambo jingine sasa, silitoi kama udhuru. Hakuwa akila viazi. Mama alikuwa akicheka, Mwairishi asiyekula viazi, na baba alikuwa akitoka nje. Alikuwa na miaka ishirini, Bibi Grania, kama kaka yako. Labda alisema nitaandika wiki ijayo, na wiki zikawa nyingi mno kueleza. Sijui. Natamani ningejua, nikuambie.

Chumba cha chini kilikuwa kizuri sana. Nilitaka ujue hivyo tu.

Una


Meenacarra, 20 Februari 1959

Una,

Umeandika vizuri lakini sitaki karatasi. Karatasi ninazo.

Kwetu wawili wakiondoka pamoja na mmoja akafa, aliyebaki akirudi hapiti kwao kwanza. Anakwenda kwenye mlango wa mwenzake. Anasimama nje, anasema, na haingii mpaka aambiwe. Kila mtu hapa anajua. Baba yako alijua, ndiyo maana hakurudi. Angepaswa kusimama mbele ya mama yangu na hakuweza.

Wewe una miguu.

Grania


Greenock, 13 Aprili 1959

Bi. Haldane,

Nakuandikia taarifa ya mwisho, kwa kuwa umefuata mambo haya tangu mwanzo, na ili faili lako lifungwe vizuri.

Nilifika Meenacarra Alhamisi mchana. Sikupita kwa Nora. Mlango wa Grania ulikuwa umefungwa ingawa moshi ulikuwa ukitoka. Majirani walikuwa wamesimama mbali kidogo, wanaume wamevua kofia. Manus alinisogelea akaninong'oneza, "Sema jina lote. Usiseme Hugh."

Nilisimama mbele ya mlango. Nilikuwa nimejifunza maneno kwenye basi lakini yalitoka mengine. Nikasema, "Hughie Owen Ban amefariki. Baba yangu, Hughie Owen Nora, alikuwa naye. Amenituma nije niseme, kwa sababu yeye hakuja."

Nikamsikia ndani, karibu sana na mlango.

"Alikufa kwa nini?"

"Homa ya matumbo."

"Alilala wapi?"

"Zizini, walimolala wote."

"Kwenye majani?"

"Nadhani kwenye majani."

"Padri alikuja?"

"Sijui."

"Alimwita mama?"

Nikasema sijui. Nilielewa kwamba si maswali yake. Ni maswali ambayo mama yake angeuliza, naye aliyatunza yote mahali fulani. Aliuliza kama nguo zake zilikuwa kavu. Aliuliza nani alimfumba macho. Kwa kila moja nilisema sijui, na kila sijui ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Mwisho akauliza, "Alikuwa na mtu wakati huo?"

Nikasema, "Alikuwa naye baba yangu. Karani ameandika alikuwepo."

Mvua ilianza, nyepesi, na hakuna mtu aliyeondoka. Halafu akasema, "Homa ile wengine waliikimbia."

"Ndiyo. Nimesikia hivyo."

"Yeye hakukimbia."

"Hapana."

"Basi alikuwa na ujasiri wa lile, akakosa wa hili," akasema, na akafungua mlango. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Alisema, "Ingia, umelowa." Sikuwahi kusikia akisema kwamba amemsamehe, na sikumwuliza.

Majirani waliingia, wakasali rozari kwa ajili ya Hughie Owen Ban, miaka sitini baadaye, kama vile amekufa wiki hiyo. Wanawake walileta mkate na nyama. Mimi nilikaa mahali pa wafiwa, kando ya Grania. Hakuna aliyeniambia nikae hapo na hakuna aliyeniambia niondoke.

Asubuhi Condy alikuja na patasi zake. Nilitarajia kufuta. Grania akamwambia, "La huyo liache. Chonga la wetu chini yake. Hughie, 1898."

Condy akalitazama jiwe, akalipima kwa kiganja, akasema, "Grania, chini yake nafasi ni moja tu. Hiyo ni yako. Mama yako alisema."

"Najua alivyosema."

"Nikichonga hapo wewe utakwenda wapi?"

"Mlemle ndani, nitakwenda wapi kwingine? Nitalala nao bila kuandikwa."

Nikamwambia nitanunua jiwe jingine, kubwa, lisimame kando, lenye jina lake peke yake. Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi na wenye nguvu.

"Majina huchongewa waliopotea," akasema. "Mimi kila mtu hapa anajua nilipo."

Condy akapiga magoti akaanza kuchonga.

Wako,
Una Tennant